Meli tuliyoizoea imeuzwa, na mume wangu ana jedwali

Shikamoo Shangazi,

Mimi na mume wangu tuna miaka 22 ya ndoa. Katika miaka hiyo tumesafiri kwa meli ya kitalii mara nne, na mara zote nne ilikuwa meli ileile. Ilikuwa ndogo, abiria hawafiki 700. Nilijua ngazi ipi inalia ukiikanyaga. Nilijua kiti kipi cha sitaha ya nyuma kinapata kivuli mpaka saa tano. Mhudumu wa mgahawa alikuwa akituona tu, chai ya mume wangu inakuja bila kuagizwa.

Mwaka jana kampuni iliiuza meli ile. Tumekata tiketi ya meli nyingine, ya kampuni nyingine, siku 7. Hii inabeba abiria zaidi ya 5,000 na ina sitaha 18. Nilipoletewa mchoro wake nilidhani nimepewa ramani ya mji.

Sasa Shangazi, mume wangu ametengeneza jedwali kwenye kompyuta. Kila saa ina rangi yake: michezo ya maji kijani, maonyesho bluu, kula njano. Siku ya tatu peke yake ina mambo 11. Nikimwambia ni mengi, ananijibu kwamba tumelipia, kwa hiyo hatuachi kitu. Kila usiku anaangalia video za watu wanaotembea na kamera ndani ya hiyo meli, na ananiita nikaone bafu la chumba. Nimeshaijua hadi rangi ya pazia, na safari bado wiki sita.

Mimi ninachotaka ni kukaa nikatazama maji. Lakini usiku najiuliza, labda mimi ndiye mvivu, labda yeye ndiye anayejua kutumia pesa yake. Tena kuna jambo jingine ambalo sijamwambia. Siku tuliyoshuka kwenye meli yetu ya zamani nililia. Naogopa nitazimaliza siku hizi 7 nikisema “kule kwetu ilikuwa hivi, kule kwetu ilikuwa vile”, nimharibie mwenzangu safari na mimi nisione chochote.

La mwisho. Huwa nalevywa na bahari siku ya kwanza au ya pili. Watu wananiambia meli kubwa haiyumbi kabisa. Ni kweli? Chumba chetu kiko juu, mbele kabisa. Mume wangu alikichagua kwa ajili ya mandhari.

Tufanyeje ili safari hii isitupotee?

Mke wa Jedwali

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na jambo ulilolitaja mwisho, maana ndilo lenye haraka. Hayo mengine yanaweza kungoja mpaka mpande melini. Chumba hakingoji.

Unaijua methali ya mwenda tezi na omo, kwamba marejeo ni ngamani: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini ndani yake. Wahenga walikuwa na maana yao pana, lakini kwa mtu anayelevywa na bahari ichukue kama ilivyo. Chombo kinapokutana na mawimbi ya mbele, omo inapanda na kushuka, tezi nayo vivyo hivyo, kama watoto wawili kwenye pembea ya ubao. Aliyekaa katikati hasogei sana. Halafu kuna kuyumba kwa ubavu, na hapo kila unavyokuwa juu ndivyo unavyopelekwa mbali zaidi, kama ndege aliyetua kwenye kilele cha mti siku ya upepo. Kwa hiyo ni kweli kwamba meli kubwa huyumba kidogo kuliko ile yenu, na meli za siku hizi zina mapezi ubavuni, chini ya maji, yanayopunguza kulala huku na huku. Lakini mapezi hayo hayazuii sana kule kupanda na kushuka kwa omo. Na mumeo, kwa mapenzi yake yote, amekuchagulia chumba cha juu na cha mbele kwa pamoja. Kama ningetaka kumkomoa adui yangu ningemweka hapohapo.

Mpigie aliyewauzia tiketi, muulize chumba cha katikati, sitaha za chini. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua mchoro na uangalie kilicho juu ya kichwa chako na kilicho chini ya kitanda chako. Chumba kizuri ni kile chenye vyumba vingine juu na chini yake. Kikiwa chini ya sitaha ya bwawa, utaamshwa alfajiri na viti vinavyoburutwa. Kikiwa juu ya ukumbi wa muziki, utalala ukumbi ukitaka. Hayo video hazimwonyeshi mumeo, kwa sababu mwenye kamera hupita mchana.

Ikishindikana kubadili, basi jiandae. Zungumza na daktari au mfamasia wako sasa, umwambie na dawa nyingine unazotumia, na umuulize dawa ya kulevywa na bahari inayokufaa na saa ya kuimeza. Dawa hizi hufanya kazi zikitangulia. Ukisubiri mpaka tumbo ligeuke, umechelewa. Wapo wanaosaidiwa na tangawizi. Na ukianza kujisikia vibaya usijifungie chumbani. Sikio la ndani linaambia ubongo kwamba tunasogea, jicho linatazama ukuta na kusema tumetulia, na ugomvi wa hao wawili ndio unaokutapisha. Toka nje, shuka sitaha ya katikati, tazama mstari ule ambapo bahari inakutana na mbingu. Jicho na sikio vitapatana.

Sasa jedwali.

Usimcheke mumeo. Mtu anayekaa usiku akipaka rangi saa za safari anakupenda, na pia ana hofu kama yako: amepoteza meli yake, anataka kuijua mpya kabla haijamshangaza. Wewe unaomboleza kwa machozi, yeye anaomboleza kwa visanduku. Tatizo lake ni moja tu: amepangia meli ambayo bado haipo. Ratiba kamili ya kila siku kwa kawaida hutoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Upepo ukizidi sitaha ya juu inafungwa, na michezo ya maji inafungwa nayo. Nahodha akiona bandari si salama hatii nanga, na hakuna wa kubishana naye. Jedwali la wiki sita kabla halijui lolote kati ya hayo.

Halafu hajahesabu miguu. Meli ya kitalii iliyokuwa kubwa kuliko zote ilipoanza kazi Januari 2024, Icon of the Seas, ina urefu wa mita 365 hivi na sitaha 20. Titanic ilikuwa mita 269. Yenu huenda ni fupi kuliko hiyo, lakini ikibeba watu 5,000 si ya kuivuka kwa dakika mbili. Onyesho likiisha, watu mia kadhaa wanasimama mbele ya lifti kwa wakati mmoja. Ukiwa na mambo 11 kwa siku, mengi ya maisha yako yatapita kwenye korido ukimfuata mtu mwenye karatasi.

Mwombe alipunguze hivi. Abakize yale tu ambayo nafasi zake huisha: maonyesho yanayotaka kuwekewa nafasi, mgahawa wa pekee kama mnautaka, matembezi ya bandarini mnayoyatamani kwelikweli. Hayo ayawekee nafasi sasa hivi kwenye programu ya simu ya kampuni, kabla hamjapanda, maana ukingoja mpaka ndani utakuta saa nzuri zimechukuliwa. Hapo jedwali lake lina faida kubwa na umwambie hivyo. Yaliyobaki ayafute yote. Chagueni jambo moja lake na moja lako kwa siku, na chakula cha usiku mle pamoja. Akitaka kuteleza kwenye mabomba ya maji saa tatu nzima, ateleze. Wewe uko kwenye kiti chako. Nimeona ndoa nyingi zikiyumba kwa sababu mbalimbali, sijaona iliyoyumba kwa sababu mke alitazama bahari wakati mume anateleza.

Siku ya kupanda ndiyo siku ambayo wageni wengi huipoteza, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Mizigo mikubwa mtaiacha gatini, na inaweza kufika mlangoni pa chumba jioni. Kwa hiyo beba begi dogo lenye pasipoti, dawa zote, nguo ya kuogelea na nguo moja ya kubadili. Vyumba vyenyewe mara nyingi havijawa tayari mkipanda. Wengi watakimbilia bafe, wasimame na sahani wakitafuta meza. Muulizeni mhudumu kama kuna sehemu nyingine ya kula iliyofunguliwa, mara nyingi ipo na imejaa viti vitupu.

Kisha kuna zoezi la usalama. Najua abiria wazoefu huliona kero, na ninyi mmeshalifanya mara nne. Lakini mlilifanya kwenye meli nyingine. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na abiria mamia waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo walikuwa bado hawajapitishwa kwenye zoezi. Wakati ule kanuni iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu 2015 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka lifanywe kabla ya kung’oa nanga au papo hapo mnapoondoka. Mkisikia milio mifupi 7 ikifuatwa na mmoja mrefu, hiyo ndiyo ishara yenyewe.

Mimi zoezi hilo nalitumia kwa jambo la pili. Likiisha, natoka pale pa kukusanyikia na kurudi chumbani kwangu kwa ngazi, bila lifti, nikihesabu sitaha. Hapo ndipo meli inapoanza kuingia kichwani. Baadaye, wakati wengine wako juu wakipungia bandari, ninyi wawili pandeni sitaha ya juu kabisa na mteremke mkizunguka kila sakafu, upande mmoja mnakwenda, upande wa pili mnarudi. Msiingie popote, msinunue kitu. Mnatembea tu kama watu waliohamia mtaa mpya.

Nasema haya kwa uchungu. Safari yangu ya kwanza kwenye meli kubwa nilijiona mjanja. Usiku wa kwanza nilisimama mlangoni pangu nikichomeka kadi, mlango haufunguki. Nikachomeka tena, nikautikisa. Ukafunguliwa kutoka ndani na bwana mmoja mwenye taulo na povu la sabuni sikioni. Chumba chake na changu vilikuwa mahali palepale, zulia lilelile, picha ileile ukutani, ila mimi nilikuwa sitaha moja juu ya kwangu. Siku iliyofuata nilikutana naye kwenye lifti, na siku iliyofuata pia, kwa maana watu 5,000 ni wengi mpaka pale unapotaka kumkwepa mmoja. Kwa hiyo jifunze namba yako: tarakimu za mwanzo kwa kawaida ni sitaha, na kwenye meli nyingi namba shufwa ziko upande mmoja na witiri upande wa pili. Ukishajua hilo hutapotea.

Katika kuzunguka huko, kazi yako wewe ni kutafuta mahali pako. Tafuta pa asubuhi, penye chai mapema na watu wachache. Tafuta pa mchana, penye kivuli. Kwenye meli nyingi kuna sitaha ya matembezi inayopita chini ya mashua za uokoaji. Haina bwawa wala muziki, kwa hiyo huachwa kwa watu kama wewe. Na tafuta pa usiku, mbali na taa, ambapo unaweza kusikia maji yanavyopasuka ubavuni mwa meli. Ukishapata sehemu tatu, meli ya sitaha 18 imekuwa ndogo kama ile yenu ya zamani.

Sasa yale machozi. Mwambie mumeo. Si jambo la kuficha, na pengine atakuambia kwamba yeye naye alijifanya kuna kitu kimemwingia jichoni siku ile. Kuhusu kulinganisha, sikukatazi, kwani haiwezekani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: jipeni siku mbili za “kule kwetu”, mkisema wawili tu, wakati wa kula, bila kumlalamikia mhudumu ambaye hajawahi kuiona hiyo kwenu. Siku ya tatu shika jembe. Kwa siku hiyo mhudumu wa chumba chako utakuwa umejua jina lake na yeye lako. Muulize abiria wanaorudi mara kwa mara hupenda kukaa wapi, kwa kuwa yeye anaishi humo kwa miezi mfululizo na ameona mengi kuliko kamera yoyote.

Lakini nisikudanganye. Chai haitakuja bila kuagizwa. Meli ya watu 5,000 haiwezi kukujua kama ile ya watu 700, na siku za bandarini mtapanga foleni ndefu zaidi. Pengine mahali fulani meli itatia nanga mbali na mtapelekwa pwani kwa mashua kwa zamu, pale ambapo meli yenu ndogo ingeegesha gatini. Inachokupa badala yake ni kutojulikana. Unaweza kula saa yoyote, kuondoka katikati ya onyesho baya, kukaa kimya siku nzima na hakuna atakayekuuliza kama unaumwa. Kwa mtu anayetaka kutazama maji, naona hiyo si hasara.

Na siku za bandarini zina siri moja. Meli inapowashusha watu, humo ndani hubaki kimya. Chagueni bandari moja isiyowavutia sana, mbaki. Hapo ndipo mumeo anaweza kuteleza kwenye mabomba bila foleni, na visanduku vyake vyote vya kijani vikaisha kabla ya chakula cha mchana. Bandari nyingine mkishuka, vaeni saa ya mkono iliyowekwa saa ya meli. Simu inaweza kufuata saa ya nchi kavu, ikawadanganya kwa saa nzima. Matembezi yaliyoandaliwa na meli yakichelewa, meli huwangoja watu wake au huwafikisha bandari inayofuata. Mkienda wenyewe mkachelewa, mtaiona ikiondoka, na gharama ya kuifuata ni yenu. Kabla hata ya kufika huko, angalieni viza za kila nchi kwenye njia. Kama meli inatoka eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kurudi tena, ulizeni mapema kama viza ya kuingia mara moja itatosha, maana mara nyingi haitoshi.

Kuhusu pesa nitasema machache. Kadi ya chumba ndiyo itakayolipia kila kitu, na kadi haiumi kama noti inavyouma. Tazameni hesabu siku ya tatu, wakati bado kuna muda wa kusahihisha kosa, badala ya usiku wa mwisho mkiwa kwenye foleni ya watu waliokasirika. Kampuni nyingi huongeza bakshishi kila siku bila kuuliza, kwa hiyo jueni kama yenu ni mojawapo. Kifurushi cha vinywaji ni cha wanaokunywa sana, na mtu anayetambulika kwa chai yake hakihitaji. Simu ziwekeni katika hali ya ndege tangu mnapoondoka, kwa kuwa mtandao wa simu wa melini hupitia setilaiti na bili yake hukufuata mpaka nyumbani. Kateni bima ya safari inayolipia matibabu na kusafirishwa mgonjwa kutoka baharini, hiyo msiikwepe. Na mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kwa maana ile dawa ya kupaka mikononi haivimudu vizuri virusi vya norovirus, vile vya kutapika na kuharisha, ambavyo ndivyo vinavyopenda meli.

Pasi ya nguo iacheni nyumbani, itachukuliwa mlangoni, na waya wa kuongeza soketi vilevile. Lakini bebeni sumaku chache. Kuta za vyumba vya meli nyingi ni za chuma, na sumaku hushika. Mumeo abandike jedwali lake hapo, lile lililopunguzwa, na kila siku aache kisanduku kimoja cha saa mbili bila rangi, chenye jina lako ndani yake. Akikuuliza utafanya nini katika saa hizo, mwambie hujui bado.

Ila ile simu ya kuomba kubadilishiwa chumba ipige kesho asubuhi. Vya katikati huwahiwa.

Shangazi